Kumrudisha Mama Mkwe Kamembe

Ndugu na majirani zangu, tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: safari ya kutwa moja iliwezaje kunila siku tatu? Nimekuwa nikijibu vipande vipande. Huyu nimemwambia habari za pampu ya mafuta, yule habari za mvua ya msituni, na sasa nasikia barazani maneno ambayo mimi sikuyasema. Basi nimekaa, nimeweka cherehani kando, niyaandike yote mara moja.

Mnajua kwamba Mwamini, mke wangu, alifariki kabla ya mfungo. Mnajua pia kwamba mama yake, Bi Zaituni, tumekaa naye hapa Nyamirambo miaka tisa, tangu alipofiwa na mumewe. Hatukujaliwa mtoto. Arobaini ilipopita tukabaki wawili ndani ya nyumba, mimi na yeye, hakuna anayejua aanze na neno gani. Natoka alfajiri kwenda kushona, narudi jioni nakuta chakula kimefunikwa mezani na mwenyewe yumo chumbani kwake, kile cha uani. Siku moja nilimwambia mlangoni, "Mama, ukitaka kwenda kwenu Kamembe kwa kaka yako, mimi niko tayari kukupeleka." Akainamisha kichwa. "Sawa, baba," akasema. Juma lililofuata tulikuwa tunapakia.

Nyamirambo hadi Ruyenzi

Pikapu yangu mnaijua, maana wengi wenu mmewahi kuisukuma. Ni ya zamani, ya petroli, yenye kabureta, na pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa injini, kitu kidogo cha ukubwa wa ngumi. Nyuma tulipakia godoro, sanduku la bati, jiko la mkaa, sufuria zake na mikeka miwili. Ilikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi. Bi Zaituni alikaa upande wa dirisha, mkoba wake akauweka katikati yetu, kama inavyopasa baina ya mtu na mkwewe.

Tulivuka daraja la Nyabarongo vizuri. Kwenye kile kilima cha kupandia Ruyenzi, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka kutia mawe nyuma ya magurudumu. Malori yalikuwa yanatupita karibu sana hata turubai la mizigo likawa linapigapiga kwa upepo wake.

Dereva wa pikipiki aliyekuwa anashuka na abiria alisimama, akamwomba abiria wake radhi, akaja.

"Muzee, esansi iko?"

Nilifungua tangi nikachungulia. Petroli ilikuwepo, inang'aa.

Akafungua boneti, akagusa pampu, akauvuta mkono haraka. "Imechemka. Iko nakataa kuvuta. Tafuta kitambaa ulowanishe, uvishe yeye. Ungoje."

Nilivua fulana ya ndani, nikailowesha kwa maji ya kunywa, nikaizungushia pampu. Tulisubiri nusu saa. Bi Zaituni hakushuka. Nilimwona kwa kioo anahesabu tasbihi. Nilipojaribu tena, ikawaka. Nilimshukuru yule kijana, naye akasema tu, "Mukomere," jipeni moyo, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba tuna msiba. Labda ni godoro. Godoro la mtu mmoja na sanduku moja juu ya gari huwa vinasema vyenyewe.

Muhanga

Kabla ya kufika Muhanga ilizima mara mbili zaidi, na kila mara nilifanya yale yale: nafungua tangi kuhakikisha mafuta, nalowesha fulana, nangoja. Tuliingia mjini adhuhuri. Fundi wa kwanza tuliyeonyeshwa, mtu wa makamo aitwaye Vianney, alitoa pampu, akaitikisa sikioni kama anayesikiliza yai.

"Mpira wa ndani umechoka," alisema. "Nakuletea mpya kutoka Kigali, inakuja na basi. Jioni iko hapa."

Kigali tulikokuwa tumetoka. Nilikubali, ningefanya nini?

Tukaenda kula kwenye mkahawa mdogo ulio jirani na gereji. Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa mwingine si kitu. Niliagiza wali, maharage na nyama kwa watu wawili, nikiwa na nia ya kumwacha mama ale peke yake, mimi nikale nje na mafundi. Mhudumu, mama mnene mwenye haraka, alituletea sinia moja kubwa na vijiko viwili, akaondoka. Alidhani ni mama na mwanawe. Miaka tisa chini ya paa moja, sijawahi kula sahani moja na mama mkwe wangu. Kuinuka ilikuwa aibu, kukaa ilikuwa aibu.

Bi Zaituni alilizungusha sinia polepole mpaka nyama ikawa upande wangu. Akala kidogo upande wake, macho chini. Mimi nilishika kijiko tu.

Mhudumu alipopita tena alisimama. "Mama, huyu mtoto wako mbona hakuli?"

Nilingoja amsahihishe. Hakumsahihisha.

"Mwache," alisema. "Iko na msiba."

Nawaambia ukweli, lile neno lilinipiga. Tangu kifo mimi nilikuwa nikiuona msiba kuwa wake. Yeye ndiye aliyefiwa na mtoto. Watu walipokuja kutoa pole, niliwaelekeza chumbani kwake. Kumbe huko ndani alikuwa ananiangalia, na alikuwa ameona. Nikala. Nilikula sana siku hiyo, na nyama nikaisukuma nusu irudi kwake, naye akaipokea.

Pampu ilifika saa kumi na moja, ikafungwa, tangi tukalijaza, gari likanguruma vizuri. Tulipanga vyumba viwili tukalala hapo hapo.

Kupita Huye hadi Nyamagabe

Asubuhi ya Jumapili niliamini mambo yamekwisha. Ruhango tuliipita, Nyanza tukasimama kununua maziwa ya mgando, Huye nikaongeza mafuta. Bi Zaituni alianza hata kunionyesha vitu njiani. Kwamba pale zamani palikuwa na soko. Kwamba mara ya kwanza kupita barabara hii alikuwa anamleta Mwamini Kigali kuolewa, na Mwamini alitapika njia nzima kwa hofu, si kwa gari. Alicheka kidogo, kisha akageukia dirishani.

Tukiwa tunapanda kuelekea Nyamagabe, pampu mpya ikafanya kama ya zamani. Kikohozi mara mbili, kimya.

Hapo nilipandwa na hasira ambayo siijui ilikotoka. Nilishuka, nikapiga boneti kwa kiganja, nikasema maneno yasiyofaa kusemwa mbele ya mtu mzima. Nilipotulia nikamwona Bi Zaituni ndani ya gari ameweka ukingo wa mtandio machoni. Analia bila sauti, mabega tu ndiyo yanacheza.

Mbele kidogo palikuwa na fundi, mzee mkimya mwenye koti la mvua. Alikuja na boksi lake la spana. Alimtazama mama, akatikisa kichwa.

"Harufu ya esansi inamsumbua," aliniambia. Akatoa ndimu mfukoni mwa koti, akaikata kwa kisu cha kazi, akampa kupitia dirishani. "Nusa, mama. Tumbo litatulia."

Naye akaipokea, akamshukuru, "Murakoze," akainusa kwa utii, machozi yakiwa bado yanamtoka. Mimi niliyejua kwamba si tumbo nilisimama pale na spana mkononi kama bubu. Mgeni ametoa ndimu. Mimi, mume wa marehemu, sikutoa chochote.

Yule mzee alisema pampu ya Muhanga ni ya bandia. Alikuwa na nyingine aliyoitoa kwenye gari lililopata ajali, akasema hiyo ndiyo ya kweli. Alikagua tangi, akapuliza bomba, akafunga pampu. Gari likawaka. Ila ilikuwa alasiri imekwenda, na hakuna mwenye akili anayeingia msitu wa Nyungwe na gari bovu jua likiwa linashuka. Mke wake alitupa chumba kimoja, Bi Zaituni akalala humo na binti zao. Mimi nililala kwenye gari. Asubuhi walitupa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, wakatusindikiza hadi barabarani.

Msitu wa Nyungwe

Jumatatu tuliingia msituni saa nne, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti. Kule ndani hakuna nyumba wala duka, ni kona juu ya kona. Kima walikuwa wamekaa kandokando ya lami wakitutazama kama watu waliokwisha kuambiwa kwamba tunakuja. Tulikuwa tumekwenda zaidi ya nusu ya msitu wakati mvua ilipoanza, na mvua ilipokolea, gari likazima.

Nililiacha lisogee lenyewe mpaka pembeni. Sikushuka. Mafuta nilijua yapo, na kwa mvua ile nisingeona hata pampu yenyewe. Simu haikuwa na mtandao. Vioo vikafanya ukungu. Bi Zaituni alikuwa anatetemeka, nikavua koti langu nikampa, akalivaa bila kubisha.

Kisha akasema, macho yake yakiwa mbele:

"Baba, nikuulize kitu?"

"Niulize, mama."

"Unanichukia?"

Niligeuka. Nilikuwa sijawahi kumtazama usoni moja kwa moja, na wala sikutarajia kuanza siku ile. "Nikuchukie kwa nini, mama?"

"Ile asubuhi pale hospitali. Mimi ndiyo nilikutuma. Nilisema, baba, nenda nyumbani uoge, ulete uji, mimi niko naye. Ulikuwa hutaki kwenda. Nikakusukuma. Na wewe uliporudi..." Alifuta kioo kwa kiganja. "Tangu siku ile huniangalii. Halafu ukasema unanipeleka kwetu. Nikajua, ndiyo hiyo."

Naomba mnielewe, hili ndilo jambo nililolibeba tangu siku ya kifo na sikumwambia hata mmoja wenu. Niliporudi na chupa ya uji, Mwamini alikuwa amefunikwa uso. Mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda na hakuinua macho kunitazama. Mimi nikasoma pale hukumu yangu: mume gani huyu, mkewe anakata roho yeye yuko kwenye ndoo ya maji. Nikawa najificha kazini. Nilidhani yeye ndiye asiyetaka kuniona.

"Mama," nilisema, "mimi nilifikiri wewe ndiye unayenilaumu. Kwamba sikuwepo."

"Mimi?" Alishangaa kweli. "Mimi nikulaumu kwa kitu nilichokutuma mwenyewe?"

Mvua ilikuwa inapiga paa la gari, ikabidi tuseme kwa nguvu, kama wanaogombana.

Nikamuuliza swali nililoliogopa. "Alisema nini? Mwishoni?"

"Sitakudanganya. Watu wanapenda kusema marehemu aliacha maneno. Hakuacha. Aliomba maji, nikampa na kijiko, viwili. Akasema yametosha. Akalala. Mimi nilidhani ni usingizi, nikawa namfunika miguu. Nesi ndiye aliniambia."

Vijiko viwili. Yametosha. Nililia pale, mkono juu ya usukani. Bi Zaituni akautoa mkoba wake katikati yetu, akauweka sakafuni, akanishika bega.

Baadaye nilimwambia, "Mama, niliposema nitakupeleka Kamembe, nilidhani nakupa ruhusa. Nilidhani unaona haya kuniomba. Mke amekufa, lakini mama mkwe hafi pamoja na ndoa. Dini yenyewe inasema wewe ni mama yangu mpaka siku ya mwisho."

"Najua inasema," alijibu. "Lakini kujua na kuambiwa si kitu kimoja."

Mvua ilipopungua, lori lililobeba sukari likasimama nyuma yetu. Dereva, Faustin, mtu mrefu wa Rusizi, aliangalia injini dakika moja tu, nami nikimweleza habari za pampu. "Pompe ya tatu? Basi achana nazo. Leo tunafanya bila pompe."

Alikuwa na kidumu cha lita tatu na mpira mwembamba mrefu. Alifungua tangi, likatoa mluzi mkali, wala hakuna aliyeujali. Alinyonya petroli kwa mdomo, akatema, akajaza kidumu, akakifunga kwa kamba juu ya sanduku la bati la Bi Zaituni, mahali pa juu kabisa, kisha akaupitisha mpira kando ya mlango hadi kwenye kabureta. Mafuta yakashuka yenyewe kwa uzito wake. Gari likawaka.

"Nenda polepole, mimi niko nyuma," alisema. "Mama, kazi yako ni kuangalia kidumu. Kikiisha bila kujua, mnazima kwenye kona."

Basi ndivyo tulivyotoka Nyungwe. Bi Zaituni alipiga magoti juu ya kiti, mwanamke wa miaka yake, uso kwenye kioo cha nyuma, koti langu limemfika mapajani, anatangaza.

"Iko nusu!"

"Sawa, mama."

"Iko robo! Simama, baba, simama!"

Tunasimama, Faustin anashuka, anajaza, tunaendelea. Mara tatu. Pale Ntendezi, alipokwisha kujaza kidumu mara ya mwisho, alikataa kupokea chochote isipokuwa mkono wa kuagana.

Kamembe

Mzee Ramadhani, kaka yake Bi Zaituni, alikuwa ametungoja tangu Jumamosi. Alikuwa amepaka chokaa chumba kizima, ametengeneza kitanda, hata ndoano ya kutundikia mtandio ilikuwa imepigiliwa ukutani. Mkewe alitukaangia sambaza, wale dagaa wa ziwani, na ugali. Tulikula sote watano, na mtoto wao wa mwisho, kwenye mkeka mmoja, wala sikuona haya.

Kesho yake fundi wa mtaani alitembeza mkono kwenye lile gari kuanzia injini hadi nyuma, kimya. Alipofika kwenye tangi alifungua kifuniko, akakigeuza, akaniita.

"Nani aliweka hii?"

Ilikuwa ni mimi. Siku moja kabla ya safari nilikata kipande cha mpira wa tairi, nikakibana ndani ya kifuniko ili harufu ya petroli isimchefue mama njiani. Nilikuwa nimekiziba kitundu cha kupitishia hewa. Tangi likishindwa kuvuta pumzi, alisema fundi, hakuna pampu duniani itakayotoa mafuta humo. Zile tatu zote zilikuwa nzima. Kila tulipofungua tangi kutazama mafuta, tulikuwa tunaliponya bila kujua, na sifa tukaipa fulana.

Bi Zaituni alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakucheka. "Ulifanya kwa ajili yangu," alisema, akaingia ndani.

Nilikaa Kamembe siku mbili. Asubuhi ya kuondoka nilimwomba turudi wote. Nilimwomba mbele ya kaka yake, kwa heshima, na nilikuwa na nia kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisindikiza hadi kwenye gari, tukiwa wawili tu.

"Nimefika, baba," alisema. "Huyu kaka yangu amepaka chokaa na mgongo wake mbovu. Nitamwambia nini, kwamba nilipotea njia? Na mimi nataka kulia mtoto wangu kwa lugha ya nyumbani, na watu waliomjua akiwa mdogo. Huko Kigali walimjua mkeo tu."

"Sawa, mama."

"Lakini nitakuja. Idi nitakuja. Ukioa pia nitakuja, nimwone." Alishika mlango wa gari, akaufunga yeye mwenyewe, akaegemea dirishani. "Na ile chumba yangu usipangishe."

Nilirudi kwa siku moja, bila kusimama ila kwa swala na mafuta. Niliingia Nyamirambo jua likiwa bado juu, na baadhi yenu mliniona nikishuka peke yangu na mkaniachia nafasi, nawashukuru.

Sasa wale mlionipigia simu juma hili kuuliza kama chumba cha uani kiko wazi, kwamba kuna kijana mwema, mfanyakazi, anayetafuta, jibu langu ni hili. Nimefagia, nimefungua dirisha, kitanda kimetandikwa. Chumba kina mwenyewe.